Miche Iliyoota Kando ya Tangi

Murera, Jumapili alasiri

Mwanangu Omondi,

Najua ukiona nimekuita hivyo kwa maandishi utacheka. Kwa mdomo umezoea. Mama aliponizaa alifuata desturi ya kwao, ya Wakikuyu, kwamba binti wa kwanza apewe jina la mama mzazi wa baba yake. Ndiyo maana naitwa Atieno kama mama yako, ingawa Atieno ni jina la mtoto wa usiku na mimi nilizaliwa saa nne asubuhi, jua likiwaka. Ndugu zako wa Siaya walicheka mpaka wakachoka. Wewe ulinipokea mikononi ukaniita "mama", na tangu nijue kuongea nimekuwa nikikujibu "mwanangu". Wageni wakisikia wanafikiri tunafanya mzaha. Leo sifanyi mzaha, Baba. Leo nataka kulitumia jina hili kama lina kazi.

Sitakuambia uvae sweta kwenye basi wala usinywe maji usiyoyajua. Hayo mama ameshakuambia, na hivi ninavyoandika anakupigia shati pasi kwa mara ya pili, kama vile likinyooka vizuri litakurudisha. Wewe umeenda Thika kuwaaga wenzako wa kiwandani. Nina nafasi mpaka utakaporudi.

Kesho unaondoka kwenda Tanzania kumtafuta kaka yako Okoth. Kuna jambo linalomhusu Okoth ambalo nililijua wiki hii, na wewe hulijui. Nilijaribu kukuambia tukiwa mezani, nikaishia kukuomba chumvi. Unanijua. Hata mwalimu akiniuliza jina langu nilikuwa namjibu nikiangalia viatu. Kwa hiyo naandika, na barua nitaiweka ndani ya kiatu chako, ili usiweze kuondoka kabla hujaiona.

Habari za Okoth nilizijua kutoka kwako, si kutoka kwa Dani, mama yako. Kwake yeye hazikuwa habari za kusimulia. Bibi yetu huyo, mtu wa kuongea na kuku na kuongea na sufuria, jina hilo alikuwa halitaji kabisa. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba mlikuwa mnaishi kambini, kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, Dani akiwa mchumaji. Asubuhi moja Okoth alivaa shati lake zuri akasema anaenda kutafuta kazi. Ulimfuata mpaka kwenye lango la kambi akakuambia, "Rudi. Nitakuletea mpira." Ulirudi. Jioni ile ulikata ugali wako nusu ukaufunika na sahani, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Uliponisimulia hayo nilikuwa darasa la sita, na nilikuona, mtu mzima, bado unamfunikia.

Na watu hawakukusaidia kusahau. Dani alipoacha kuchuma kahawa akanunua ploti hii ya Murera pamoja na wanawake wa kanisa lake, majirani walimwita Mama Okoth kwa sababu Okoth ndiye kifungua mimba. Wewe ndiye uliyemjengea nyumba. Wewe ndiye uliyemletea tangi la maji juu ya mkokoteni, ukilishika kwa mikono miwili lisianguke. Ulikuja kumwona kila Jumapili, na kila Jumapili jirani alikuita kwa sauti juu ya ua, "Karibu, kijana wa Mama Okoth!" Sijui ulikuwa unajisikiaje. Sikuwahi kukuuliza. Kutouliza ndiyo tabia niliyokua nayo, na karibu kila ninachojutia kimetoka humo.

Tulipompeleka Dani kuzikwa Siaya, mtu mmoja alikuvuta kando, nyuma ya turubai. Sikusikia yote. Nilisikia, "Machimbo ya dhahabu, ng'ambo ya mpaka. Mzee fulani, Mjaluo. Anatembea kama wewe." Uliporudi kuketi, sahani yako ya chakula ilipoa mikononi. Tangu siku hiyo hukuwa nasi tena. Tulihamia hapa kwenye nyumba ya Dani, ukafunga mizigo ukafungua, lakini macho yako yalikuwa kwenye simu, ukingoja huyo mtu akutumie ujumbe mwingine. Matokeo yangu ya mtihani yalipotoka nilikuletea. Uliyaangalia ukasema, "Umejaribu, mama," kisha simu ikalia ukatoka nje kuipokea. Alama zenyewe hazikuwa za kunipeleka popote, kwa hiyo sikulilia hilo. Nililia kwa sababu hukurudi ndani kumaliza kuzisoma.

Halafu ukaacha kazi. Nilikuwa nikiosha vyombo mlipozungumza na mama.

"Ukimpata utamwambia nini?" mama akauliza.

"Nitamwambia mama yetu amekufa. Aje atupe udongo kaburini."

"Na usipompata?"

"Basi nitaendelea mbele."

"Mbele wapi, Baba Atieno? Mbele kuna mwisho?"

Mama hakuuliza tena. Alikwambia tu kwamba mtu mzima hazuiwi, akaanza kutafuta mashati yako.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, shambani, ulipokuwa bado kazini, kwa maana jambo lenyewe liko huko.

Unakumbuka Dani alisema mbele ya wanawake wa kanisa kwamba bustani ya mboga ni ya nyinga. Nyinga maana yake jina langu, na ndivyo alivyoniita siku zote, kwa sababu nimebeba lake. Nyinyi mlicheka, mkasema bustani yenyewe si kubwa kuliko nyumba. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa kitu na kusema ni changu. Mvua zilipokuja, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda asubuhi, nikawa naamka naenda kusimama kwenye ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu kama unga uliokandwa. Na humo bustanini, mimea ikaanza kutoka ambayo hakuna aliyeipanda. Ilitoka katikati ya matuta, ilitoka njiani, ilitoka hata chini ya kamba ya nguo.

"Fyeka yote, mama," uliniambia. "Tupande sukuma."

"Ngoja kwanza niijue."

"Utaijua aje na hata wewe mwenyewe hukuipanda?"

Nilitaka kuijua kwa sababu niliona ni Dani ameiacha. Alikuwa akiacha mboga zake zizeeke, mbegu zidondoke zenyewe, na mimi nikipita na ndoo sikuwahi kusimama kumuuliza hii ni nini na ile ni nini. Nilifikiri nitauliza siku nyingine. Kwa hiyo nikaanza kuuliza watu waliobaki. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote. Nilisimama kwenye ua wa miiba ya kaiyaba mpaka Mama Gathoni, jirani yetu, akaniona mwenyewe.

"Wee Atieno, unanitegea nini hapo? Nimekosea?"

Nilimwonyesha rundo nililokuwa nimeng'oa. Akapiga kelele.

"Hiyo ni togotia! Haki, hiyo ni mboga, leta hapa!"

"Dani alikuwa anaitupa kwa kuku."

"Alikuwa anatupa mboga? Miaka yote hiyo, na mimi naenda kununua Juja! Mama Okoth, Mungu akusamehe huko uliko."

Kisha akaona mmea mwingine nyuma yangu, ule wa majani yaliyogawanyika kama vidole, akarudi hatua moja. "Na hii? Atieno, hii si ile ya kuvutwa? Polisi wakija, mimi sikujui."

"Ni dek. Ni mboga ya Dani. Nyinyi mnaiita thageti."

"Thageti naijua ikiwa kwa sufuria," akasema. "Sijawahi kuiona imesimama."

Nilicheka, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi. Siku ile na siku zilizofuata tulienda hivyo, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu, jani kwa jani. Nilichojua mimi yeye hakukijua, na alichokijua yeye Dani alikuwa amekipiga jembe maisha yake yote. Apoth nikaitambua kwa mlenda wake nilipoisugua vidoleni. Osuga nikaitambua, na kumbe ni managu yao, yaani mnavu. Ikabaki mimea ya kona, kando ya tangi.

Hiyo haikufanana na kitu. Miche mingi ilikuwa imetoka mahali pamoja, imebanana kama watoto wanaogombania mlango. Majani yake yalikuwa magumu na ya kukwaruza, kingo zikiwa na meno madogo. Niliipiga picha kwa simu ya mama. Ile programu ya kutambua mimea ikasema ni mzeituni. Nilipoligeuza jani ikasema ni kahawa. Nimeishi karibu na kahawa tangu nizaliwe, nikaizima simu.

Mama Gathoni alipoinama kuitazama alijipiga paja. "Haiya! Kumbe Mama Okoth alipanda? Huu ni muratina!"

"Muratina ni nini?"

"Mti wa pombe, wewe. Ile ya wazee, ya asali. Matunda yake ni marefu kama mkono wa mtu. Yanakaushwa, ndiyo yanafanya pombe ichachuke. Mwaka jana alikuja akaniomba moja, bichi kabisa. Kuna mti kwa ndugu yangu huko Theta. Nikamletea nikamuuliza, 'Mama Okoth, na kanisa je?' Alilikumbatia tu hivi, akaenda nalo."

Na wewe ulikuwa umetoka nje kunawa uso. Ukasikia.

Dani! Mtu ambaye hakunywa hata soda nyeusi kwa sababu ya rangi yake! Ulicheka mpaka ukashika tangi usianguke. "Amenigombeza maisha yangu yote kwa chupa moja ya Jumamosi," ulisema, "kumbe alikuwa ananipandia mti." Halafu ukageuka ukanawa uso tena, na nikaona kwamba hukuwa unanawa. Jioni ile ulikata vijiti ukaizungushia miche kwa mikono yako. Kesho yake uliwasimulia kiwandani, na ukarudi ukasema wamekuomba uwaalike siku ya pombe ya kwanza. Kwa siku chache ulikuwa na mama aliyekufikiria wewe. Wewe peke yako, si yule wa langoni.

Ningeweza kuliacha hapo. Kila siku tangu Jumatano nimetamani ningeliacha hapo.

Lakini mimi nilikuwa nimejifunza mkono wa Dani. Hakupanda kitu bila kupima nafasi kwa kiganja chake. Asingezika mbegu zote kwenye shimo moja, na asingepanda mti chini ya tangi ulilomnunulia, kwa maana mizizi ingelipasua. Nilikuwa na jani moja tu la kuulizia na mtu mmoja tu ambaye sikuwa nimemuuliza. Jumatano nilipomsindikiza mama kwenye kibanda chake sokoni Ruiru, nikachukua jani mfukoni nikaenda kwa Mama Awuor, yule rafiki ya Dani anayeuza omena, dagaa wa ziwani.

Alikuwa akipima omena huku anamtania mteja. Aliniona, akaanza na mzaha wake wa kila siku: "Atieno mdogo! Leo umekuja kuongea au umekuja kunyamaza?"

Nikampa jani.

Aliligeuza. Akalipitisha kidole. Akaweka chini kile kikopo cha kupimia, mteja akiwa bado amesimama.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa Dani. Kando ya tangi. Imeota mingi, pamoja."

"Imeota?" Akaketi juu ya gunia. "Yawa! Nilimwambia achimbe chini zaidi. Nilimwambia, 'Atieno, chimba.' Akasema mgongo unauma."

Baba, nisome polepole hapa.

Mti huo kwa kina Mama Gathoni ni mti wa pombe. Kwa watu wenu ni yago. Mama Awuor aliniambia kwamba mtu akipotea, na mwili wake usipatikane, na miaka ikapita, watu wake wanatafuta tunda la yago. Wanalifunga kwa kitambaa kama wanavyomfunga mtu, wanachimba, wanamlilia, wanalizika. Baada ya hapo hangojwi tena. Wewe huenda uliwahi kuliona hilo huko nyumbani ukiwa mdogo. Mimi nimekulia Ruiru, sikuwahi.

"Tulikuwa wawili tu," Mama Awuor akasema. "Alikuwa anajua anakufa. Akaniambia hawezi kwenda akamwacha mtoto wake nje. Nilimwambia tungoje tumpeleke nyumbani Siaya, huko ndiko kunakofaa. Akakataa. Huko wangeuliza maswali na Omondi angesikia."

Nikauliza, na niliuliza kwa sauti, hata mteja akageuka: "Alipata habari? Kuna mtu alimwambia Okoth amekufa?"

"Hapana. Hakuna mtu."

"Sasa alijuaje?"

"Hakujua, nyathina, mtoto wangu. Alichoka."

Akachukua tena kikopo chake, akampimia yule mteja, akamzidishia bila kuangalia. Halafu akasema, "Omondi asijue. Mama yake hakutaka."

"Anaondoka Jumatatu kwenda kumtafuta."

Alinirudishia jani, na mimi nikarudi kwa mama nikapanga viazi.

Nilipofika nyumbani wewe hukuwepo. Nilienda kwenye kona, nikatoa kijiti kimoja cha ule uzio wako, nikashika mche wa pembeni na kuuvuta taratibu. Mzizi ulikuja na kipande cha kitambaa kimeng'ang'ania. Kilikuwa na rangi ya udongo, lakini nilipokisugua nikauona ukingo wa bluu. Ni kile kitambaa chake cha kichwani cha kanisa. Unakumbuka tulivyokitafuta siku ya kumvalisha? Shangazi mmoja aliapa kimeibwa hospitalini, na Dani akazikwa na cha kuazima. Mimi nilikuwa nimegundua mapema kwamba hakipo kwenye kamba ya nguo. Nilikuwa nimeona pindo la rinda lake limejaa matope wakati mvua haijanyesha. Sikumuuliza. Nilirudisha kitambaa nikakifukia, nikakaa pale mpaka mama akaniita.

Kisha nikakumbuka komeo. Miaka yote mlango wa Dani ulikuwa unazuiwa na jiwe tu, mtu wa nje angeweza kuusukuma akaingia. Ulimgombeza sana kwa hilo. Halafu mwaka wake wa mwisho alikuomba komeo, ukafurahi, ukamletea lile zito la chuma. Ulisema mji umefika Murera na hatimaye mama yako ameogopa wezi. Baba, alikuwa akifunga mlango kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kungojewa.

Sasa umejua. Mti ule haukuwa wako. Naomba unisamehe kwa kukunyang'anya, kwa maana nakumbuka ulivyocheka ukishika tangi, na sijui kama utacheka hivyo tena. Nimefikiri sana kama mama mzuri angekuambia au angenyamaza. Dani alinyamaza. Alikunyamazia tangu ukiwa na ugali chini ya sahani. Nadhani alifikiri kwamba asipolitaja jina litaacha kukuuma, na badala yake uliachwa peke yako nalo. Mlikaa nyumba moja, mama na mtoto, mkimngoja mtu mmoja, kila mtu kwa siri. Ndiyo sababu ninaandika. Sijui kama ni sababu nzuri.

Sitakudanganya kwamba tunda ni ushahidi. Najua utakachosema, maana nakusikia ukisema: "Mama, hilo ni tunda. Si mtu." Ni kweli. Inawezekana Okoth yuko hai, anatembea kama wewe, ana watoto wasiojua tunaishi. Lakini mimi siamini utampata, na nakuambia hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Mama anaogopa kukuvunja moyo. Yule wa nyuma ya turubai hakukupa jina la kijiji wala la mtu wa kumuulizia. Utafika, utauliza, watakuambia mzee huyo alihamia machimbo mengine. Nawe utaendelea mbele, kama ulivyomwambia mama.

Hicho ndicho ninachokiogopa. Simwogopei Okoth. Yeye amekwisha kuwa hivyo alivyo tangu kabla sijazaliwa. Nakuogopea wewe. Okoth naye alitoka asubuhi akiwa amevaa shati lililonyooka. Sidhani alikusudia kupotea. Huenda alisema ataendelea mbele kidogo tu, kisha kidogo tena, mpaka kurudi mikono mitupu kukawa aibu kubwa kuliko kutorudi. Hilo nimeliwaza mwenyewe, na ninajua kidogo habari za aibu. Nimekosa mambo mengi kwa kuogopa kuonekana. Niliogopa kumuuliza Dani ndiyo maana leo naokota majina ya mboga zake kwa watu wengine. Mtu anaweza kuona haya mpaka maisha yote yakapita mbele ya mlango wake.

Kwa hiyo, kama mama yako kwa jina, nakuomba jambo moja tu. Rudi bila yeye. Rudi ukiwa umeshindwa kabisa, umepoteza mzigo, huna hata hilo shati. Mimi nitakuwa hapa. Sina matokeo ya kunipeleka kwingine. Ukija usiku, gonga dirisha langu, sitakuuliza umempata. Sitakuuliza lolote, na unajua hilo ndilo jambo ninaloliweza.

Jana nilifikiria kuing'oa yote. Nilikuwa nimeshika jembe. Nikaona nikiing'oa nitafukua, na sikuweza kumfukua mtoto wa Dani hata kama ni tunda. Nimeipunguza tu, nikaacha mmoja, ulio mbali kidogo na tangi. Vijiti vyako nimevirudisha. Nilimuuliza Mama Gathoni mti huo unachukua muda gani kuzaa.

"Eh, huo? Si wa leo," akasema. "Utaanza kuzaa wewe ukiwa umeshapata watoto wako."

Mwanangu, sasa najua jani lake na najua tunda lake linafananaje. Najua linavyofungwa, na ninajua ni lazima nichimbe chini zaidi kuliko alivyochimba yeye. Hakuna aliyenifundisha makusudi, nimeirithi kazi hiyo pamoja na bustani. Dani alingoja karibu maisha yake yote ndipo akachoka. Mimi nina jina lake, lakini nimejipima na sina nguvu zake. Nitachoka mapema.

Nasikia lango. Ni wewe, nakujua unavyoliinua kidogo lisikwaruze. Mama amezima pasi.

Mti uko kwenye kona, una majani manne. Rudi kabla haujazaa.

Mama yako, binti yako,
Atieno